Siku Obare Alipohudumiwa

Tuliachana wiki jana gunia likiwa hewani. Wale mlionipigia simu kuuliza kama lilimwangukia mtu, tulieni. Lilianguka mezani. Karatasi zikamwagika mpaka sakafuni, juu ya unga, na Wesley Obare akasimama katikati yake na suti ya kanisani siku ya kazi.

"Nihudumiwe," akasema. "Ama nipewe mashine."

Mashine anayoitaka ni kisiagi cha unga cha Mellen Bonareri, mjane kutoka Kisii ambaye soko zima la Kisegi linamwita Nyar Kisii, yaani binti wa Kisii. Kisiagi hicho, na chumba kimoja nyuma yake anachowakodishia wachuuzi wa Mfangano wakiachwa na boti, ndiyo mali yake yote duniani. Ukimwondolea hivyo viwili anabaki na Biblia na deni la dizeli.

Na karatasi je? Kama umejiunga nasi leo, vuta kiti. Zinaitwa Riwo, yaani kuunganisha kwa Kijaluo. Wanasoko wa Kisegi walizichapisha Migori baada ya kuchoka kungoja shilingi, maana shilingi ikifika Kisegi haikai. Kesho yake imeshapanda lori kurudi ilikotoka. Kila mwanachama aliahidi kitu anachokiweza: huyu kunyoa, yule omena, mwingine maji. Akapewa karatasi za thamani ya ahadi yake azitumie kwa wenzake, nazo zikazunguka. Mama asiye na shilingi akaweza kununua samaki kwa heshima, badala ya njia ile nyingine ambayo gazeti hili linalosomwa na watoto haliwezi kuichapisha.

Wataalamu walifika kutoka Nairobi wakasema huo ndio uchumi endelevu. Wakala samaki, wakapiga picha na punda, wakaenda zao.

Obare hakupiga picha. Yeye ndiye mwenye kiwanda cha barafu, mwenye malori, na mwenye wavuvi waliokuwa wakimkopa mwaka hadi mwaka. Riwo ilipoingia wakaacha kumkopa. Sasa, mtu aliyezoea kupigiwa magoti, siku watu wakisimama huona wamemtukana. Shule zilipofunguliwa na wazazi wakakosa karo, akazinunua Riwo zao kwa nusu ya bei, nyumba kwa nyumba, kupitia mkono ambao hakuna aliyeujua. Soko likakauka. Muuza nyanya akawa anamtazama muuza omena, wote wawili wana mali, hakuna karatasi ya kubadilishana.

Ndipo Obare akaitoa sheria ya saba. Wanasoko waliitunga wenyewe siku wakiwa na furaha, na hilo ndilo lilikuwa kosa. Inasema hivi: yeyote atakayeleta Riwo kabla soko halijafungwa, akakataliwa na mwanachama, basi mali ya mdhamini itauzwa alipwe. Mdhamini ni nani? Mellen. Siku ya kuchagua mdhamini wote walitazama viatu vyao, yeye peke yake akainua mkono.

Soko la Kisegi ni Ijumaa, na hufungwa jua likizama, kwa kuwa nusu ya wachuuzi ni Wasabato na huenda kanisani kufungua Sabato. Obare naye ni mzee wa kanisa hilohilo. Kumnyang'anya mjane mali siku ya Sabato ni dhambi. Kumnyang'anya Ijumaa saa nane mchana ni biashara.

Haya, tuendelee.

"Karibu, Jatelo," Mellen akasema, kama tunavyowaita viongozi. Sauti ilikuwa imara. "Unataka nini?"

"Kila kitu. Mpaka mtu mmoja aseme hapana."

Mlangoni alisimama Nicanor, mwenyekiti wa Riwo na kinyozi wa soko. Mellen akamsogelea.

"Umesikia? Anataka kila kitu."

"Nimesikia."

"Basi mpe kila kitu."

Nicanor akamtazama kidogo. Kisha uso wake ukafunguka, akaenda mbio kuleta mashine yake ya kunyolea na ile shuka yenye madoa.

Alianza na Obare mwenyewe. Akamnyoa upara. Akahamia kwa dereva, akamnyoa upara. Akawanyoa makuli wawili waliobeba gunia, mmoja wao akilia kwa sababu nywele zile alikuwa amezifuga tangu Krismasi. Kisha akamrudia Obare.

"Sasa masharubu, Jatelo."

"Mimi sikukuja kunyolewa!"

"Ai! Kwa hivyo unakataa?" Nicanor akageukia umati. "Watu wa Kisegi, mko mashahidi. Sisi hatujakataa mtu. Ni mzee ndio anakataa."

Obare akafumba macho. Masharubu yakaenda.

Akaja Ryoba, Mkuria wa huko Isebania, na punda wake wanne. Ahadi yake ni maji. Akaupakua mtungi wa kwanza na kusimama mbele ya Obare kwa adabu nyingi.

"Niweke wapi?"

"Kwani mitungi ya kuweka iko wapi?"

"Mimi niliahidi maji, mzee. Mitungi sikuahidi."

"Basi mwaga!"

Ryoba akamwaga. Hakwenda mbali kumwaga. Viatu vya Obare vilikuwa vyeusi vya ngozi, vya kutoka Kisumu, na viliyapokea maji ya ziwa mtungi baada ya mtungi mpaka punda wa nne.

Huku nje kulikuwa kumeanza kitu ambacho Obare hakukipangia. Nicanor alipopokea Riwo zake hakuziweka mfukoni. Alikuwa na njaa. Akanunua omena. Mama wa omena hakuwa amesaga mahindi kwa wiki kadhaa, akakimbilia kisiagi. Mellen akawasha mashine, akapokea karatasi, akamtuma mtu kununua nyanya. Muuza nyanya akaenda kwa fundi kushona sare ya mtoto. Karatasi zilizokuwa zimelala gizani ndani ya gunia zikatoka zikakimbia, na soko lililokuwa limekauka likaanza kupiga kelele kama zamani. Obare alikuja kufukia kisima, na akayaleta maji yeye mwenyewe.

"Nyinyi mnatumia karatasi zangu!" akafoka juu ya mngurumo wa kisiagi.

"Zilikuwa zako asubuhi," Nicanor akamjibu, mdomo umejaa omena.

Alinunua nyanya asizozitaka. Alinunua sabuni, kamba, vibiriti, mikate. Vijana wake wawili wenye vifua, wale wa kutisha watu, walisukwa nywele chache walizokuwa nazo, kwa sababu msusi naye ana ahadi yake na vichwa vyao Nicanor alikuwa bado hajavifikia. Na kila mara Obare alipotaka kuondoka, mtu alimuuliza kwa upole kama anakataa.

Kisha akafika Min Oliver.

Min Oliver, yaani mama Oliver, hana shamba wala kibanda. Alichokiahidi katika Riwo ni kile anachokijua kuliko mtu yeyote toka hapa mpaka Homa Bay: kulia matangani. Ukifiwa na mtu ambaye hana wa kumlilia, unamwita yeye, naye anamlilia marehemu mpaka hata waliomchukia wanatafuta leso.

"Mimi sijafiwa," Obare akasema haraka.

"Najua, Jatelo. Nitakulilia wewe."

"Niko hai!"

"Karatasi haisemi lazima ukufe. Ama unakataa?"

Huku kwetu mtu hai haliliwi. Hata wale waliokuwa wakicheka waliona wamekaribia ukingo wa jambo. Lakini Min Oliver alikuwa ameuza Riwo zake kwa nusu bei mwezi uliopita ili Oliver asirudishwe nyumbani kwa karo, na leo alikuwa na machozi ya kutosha. Akafunga leso kiunoni, akaweka mikono kichwani.

"Uuuwi! Obare! Umetuacha! Barafu tutanunua kwa nani? Nani atatukopesha kibaba atudai gunia? Uwi yawa! Nani atatuombea kanisani na kutuuza sokoni? Obare wetu, mtu wa haki mpaka Ijumaa jioni!"

"Anyamaze! Mwambieni anyamaze!"

"Bado hajamaliza thamani yake," Nicanor akasema.

Sasa, kilio cha Min Oliver ni sawa na tangazo la redio. Mwenye boda boda aliyekuwa akipita hakusimama kuuliza. Alipiga simu. Aliyepigiwa akapiga nyingine. Min Oliver hajafika hata kwenye sifa za ukoo, simu ya Obare ikalia mkononi mwa dereva. Dereva, kichwa kinang'aa na akili imemruka, akaipokea na kuifungulia sauti.

"Halo!" Ilikuwa sauti ya mwanamke kijana, na ilitoka Homa Bay. "Eti mzee amekufa? Kweli amekufa? Na hii duka amenifungulia, karatasi ya ploti iko kwa jina langu ama iko kwa jina la yule wa Kisegi?"

Yule wa Kisegi alikuwa mlangoni.

Anaitwa Joyline, na ni mke wa Obare wa ndoa ya kanisani. Alikuwa amekuja mbio, kiatu kimoja mkononi, uso umelowa, maana na yeye alikuwa ameambiwa ni mjane. Akamwona mumewe yuko hai, ana upara, hana masharubu, viatu vinatoa maji. Akaisikia ile sauti mpaka mwisho.

Obare akainyakua simu na kuizima. "Joyline, hiyo ni mambo ya biashara."

Joyline aliketi juu ya gunia la mahindi, akavaa kiatu chake pole pole.

Wengine wangeona haya wakaenda nyumbani. Obare si wengine. Aliinamia gunia lake, akatoa bunda la mwisho, akalipiga kwenye kiganja. Akazunguka vibanda vyote. Omena imekwisha. Nyanya zimekwisha. Msusi amemaliza, fundi amemaliza, Ryoba anawavua punda kamba. Kila mtu alikuwa ametoa chote alichoahidi kwa siku moja.

"Nani amebaki?" akauliza.

Wachuuzi wakatazama meza zao tupu.

"Nani amebaki kunihudumia? Bado nina hii." Akaliinua bunda juu watu walione. Na kwa mara ya kwanza tangu gunia lianguke, Obare akatabasamu. "Basi nimekataliwa. Nyar Kisii, zima mashine. Sio yako tena."

Mellen aliogopa sana, nisiwafiche, hata akasahau alichoahidi yeye mwenyewe. Akilini alimwona marehemu mumewe akiisukuma ile mashine kwa mkokoteni kutoka stendi. Alijiona amerudi Kisii na mkoba, akiomba kipande cha shamba kwa mashemeji waliomfukuza. Akanyoosha mkono kwenye swichi.

"Bado mimi," Joyline akasema.

Watu wakageuka.

"Wewe nani?" Obare akauliza, kana kwamba hajawahi kumwona.

"Mwanachama."

"Ni kweli," Nicanor akasema, naye akishangaa. "Aliingia mwezi wa nane. Aliahidi... aliahidi barafu."

Hapo Obare akakumbuka. Ni yeye mwenyewe aliyemtuma. Alitaka sikio ndani ya mikutano ya Riwo, akamwambia mkewe ajiandikishe na chochote, mradi aingie. Joyline akaandikisha barafu, kwa kuwa katika nyumba ile barafu ndiyo kitu pekee alichoruhusiwa kuchukua bila kuomba.

"Hiyo barafu ni yangu!"

"Basi unajua ni nzuri," Joyline akasema.

"Siwezi kununua barafu yangu mwenyewe!"

"Kwa hivyo unakataa?" Safari hii hakuuliza Nicanor. Liliuliza soko zima.

Obare akalitazama jua. Lilikuwa limeshuka mpaka usawa wa mapaa ya mabati. Akalitupa bunda kwenye mapaja ya mkewe. Makuli wenye upara wakashusha barafu kutoka kwenye lori la Obare, wakamkabidhi Obare, juu ya maji ya Ryoba, nayo ikaanza kuyeyuka palepale.

Kelele zilizopigwa zilisikika mpaka kanisani. Watu wakamkumbatia Mellen, wakamkumbatia Ryoba, mmoja kwa furaha akamkumbatia punda. Mellen aliketi juu ya ndoo akacheka huku analia. Mashine ilikuwa yake.

Ningekuwa mwandishi mwenye huruma ningesimama hapo. Lakini Joyline alikuwa ameinuka akasimama mbele ya meza, na lile bunda mkononi.

"Nyar Kisii. Kile chumba cha nyuma ulikiahidi katika Riwo?"

"Ndiyo. Kusaga na chumba."

"Nakitaka." Akaliweka bunda mezani. "Sirudi kwa huyu."

Mellen hakufikiri. Akaingiza mkono mfukoni mwa aproni na kutoa ufunguo.

"Ngoja kwanza," Joyline akasema. "Usinipe kabla hujasikia kutoka kwangu. Ile watu mlikuwa mnaona wakikuja kwa mlango kununua Riwo, mimi ndio nilikuwa nawatuma. Nilijua nani amekwama na karo kwa sababu mlikuwa mnaniambia kwa mkutano. Aliniahidi duka. Duka nimesikia leo iko wapi."

Mellen akakizima kisiagi.

"Mimi nilikuambia," Min Oliver akasema polepole. "Nilikuambia mambo ya Oliver, ukanishika mkono. Ukasema tuombe. Tukaomba."

"Tuliomba," Joyline akasema.

"Na kesho yake mnunuzi akawa kwa mlango wangu."

Joyline akainamisha kichwa.

"Mkatalie!" Ilikuwa sauti ya mama wa omena. Ikaungwa mkono na msusi, na fundi, na muuza nyanya. "Mkatalie, Nyar Kisii! Alale kwa hiyo barafu yake!" Nicanor mwenyewe, mwenyekiti, alipaza sauti kuliko wote.

"Ukimpa chumba mimi natoka Riwo leo," Min Oliver akasema. "Sikutishi. Natoka." Na wanawake waliokuwa nyuma yake wakaitikia kwa vichwa, mmoja baada ya mwingine.

Kisha ikasikika sauti nyingine, ya chini, yenye subira, sauti ya mtu anayeongoza maombi.

"Mkatalie tu, dada yangu," Obare akasema. "Huyo ni msaliti. Mimi ningekuwa wewe ningemkatalia."

Nicanor akafunga mdomo wake ghafla. Akageuka akamtazama Mellen, na Mellen alikuwa ameshaelewa. Soko lilikuwa halijafungwa. Joyline alikuwa ameleta Riwo. Mellen akisema hapana, hapana hiyo moja, sheria ya saba inamla yeye. Akisema ndiyo, atabaki na kisiagi na hatakuwa na mtu wa kumsagia.

Akamtazama Joyline usoni. Yale yalikuwa machozi, hilo hakulishuku. Ila hakujua ni machozi ya nani, ya mke aliyetupwa leo au ya sikio la Obare lililotumwa kwa mara ya pili.

"Joyline. Niambie ukweli mbele ya Mungu. Amekutuma?"

"Nikisema hapana," Joyline akajibu, "utaniamini?"

Upande wa kanisani wimbo wa kwanza wa Sabato ulikuwa umeanza, ingawa jua lilikuwa bado halijazama. Obare akatoa kitabu chake cha nyimbo mfukoni, kimelowa, akangoja. Mellen akauweka ufunguo mezani kando ya lile bunda, na mkono wake haukuuachilia.